Nyumba ya Dada, Mibuni ya Kaka: Mali katika Vijiji vya Kahawa vya Semende, Sumatra

(Mhadhara uliotolewa Bukoba mbele ya wanaushirika, wanafunzi na wazee)

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie maisha na mali katika vijiji vya kahawa vya milimani Indonesia. Nchi ile ni visiwa maelfu na kila mlima una desturi yake. Wagayo wa Aceh wana yao, Watoraja wa Sulawesi wana yao. Mshika mawili moja humponyoka, kwa hiyo leo nakaa mahali pamoja tu: Semende, nyanda za juu za kusini mwa Sumatra, katika wilaya ya Muara Enim. Nimepachagua kwa sababu pale swali la nani arithi nini limehamisha watu, limefyeka misitu na limewafikisha wakulima mbele ya bunduki.

Kwanza mti wenyewe. Semende wanalima zaidi kahawa ya aina ya robusta, kama ninyi. Waholanzi walianza na aina nyingine, arabika, kisiwani Java mwishoni mwa karne ya 17, ikawatajirisha, kisha kuanzia miaka ya 1870 ugonjwa wa kutu ya majani ukaifagia mibuni ya nyanda za chini. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo miche ya robusta ilipopelekwa Java. Ilitokea Kongo, ikapitia Brussels kwa wauza miche. Mti ukatoka jirani zetu hapa, ukazunguka Ulaya, ukafika Sumatra. Babu zenu walikuwa wakitafuna buni zake zilizochemshwa kabla Mholanzi hajausikia.

Sasa tuingie nyumbani. Kwa Wasemende, mtoto wa kike wa kwanza ndiye tunggu tubang. Nyumba ya wazazi inakaa kwake. Mashamba ya mpunga ya bondeni yako chini yake, na mara nyingi bwawa la samaki pia. Akiolewa, mume ndiye anayehamia kwake. Nimeona nyuso zimebadilika hapo mbele, na najua ni kwa nini: kibanja cha Kihaya, shamba la ukoo linalorithiwa kwa upande wa wanaume, kinafuata njia nyingine kabisa.

Lakini msimwonee wivu binti huyu haraka. Ile si mali yake kwa maana tuliyoizoea mahakamani. Hawezi kuuza shamba lile, wala kuliweka rehani kwa uamuzi wake peke yake. Anawatunza wazazi mpaka wazikwe. Wadogo zake wakisoma, yeye ndiye tegemeo. Ndugu aliyeachika, aliyefilisika au aliyeugua ugenini hurudi katika nyumba ile, na hakuna mwenye ruhusa ya kumwuliza ataondoka lini. Sikukuu ya Idi ikifika, ukoo wote hushuka pale na watoto wao. Anayeamka alfajiri kukoka moto ni yeye, na mchele unaopikwa unatoka kwenye ghala dogo la mbao nyuma ya nyumba, linaloitwa tengkiang, lenye mpunga wa msimu uliopita. Mpunga ule ni wa kula. Kahawa ndiyo ya kuuza. Ukishika tofauti hiyo moja, umeshashika nusu ya mhadhara huu.

Na anasimamiwa. Msimamizi ni mjomba, yaani kaka wa mama, wanayemwita meraje. Pakiwa na jambo zito juu ya shamba au nyumba, lazima aitwe. Mjomba huyu hali kutoka shamba lile na mara nyingi haishi hata kijijini, ila neno lake ndilo la mwisho. Mwenye kula hana kauli kamili, mwenye kauli hali. Mimi nimefundisha sheria ya ardhi kwa muda, na sijaona kufuli bora ya kuzuia ardhi isiuzwe.

Hapo mtauliza: hawa si Waislamu? Ni Waislamu, tena washika dini. Wenyewe husimulia kwamba desturi hii iliwekwa na Puyang Awak, mtu wanayemhesabu kuwa shekhe na muasisi wao. Na mirathi ya Kiislamu inampa mwana wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Hoja wanayoitumia ni kwamba mali ya ukoo haikuwa ya marehemu, alikuwa mtunzaji tu, kwa hiyo haiingii katika kugawanywa. Mali aliyoichuma mtu kwa jasho lake ni habari nyingine, hiyo inaweza kugawiwa. Wapo mashekhe wanaoihoji hoja hiyo, na mimi si mufti.

Haya, na kaka zake? Na wadogo zake wa kike? Hapa ndipo kahawa inapoingia. Kijana wa kiume wa Semende anakua akijua kwamba bonde lile zuri la maji si lake. Anaweza kuoa tunggu tubang wa nyumba nyingine, akalima shamba la mkewe chini ya macho ya mjomba wa mkewe. Au anachukua panga, anapanda mlima, anafyeka, anapanda mibuni. Mibuni hiyo ni yake. Ataiuza, ataigawa kwa wanawe, ataiweka dhamana, haulizwi na mtu.

Milima ya nyumbani ilipojaa, wakatoka. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 Wasemende wamekuwa wakishuka kusini hadi mkoa wa Lampung, wengine wakaelekea mkoa wa Bengkulu. Kila kizazi kinasogeza kahawa ndani ya msitu. Ukisoma taarifa za serikali utakuta neno moja tu, wavamizi. Mvamizi huyo ana dada, na dada ana nyumba, na ile nyumba haigawanyiki. Desturi inayolinda bonde la Semende ndiyo hiyo hiyo inayosukuma panga kwenye mlima wa Lampung. Wataalamu wa misitu huanza kuhesabu miti iliyokatwa. Mimi ningeanza kuhesabu jikoni.

Tukae kidogo Lampung, eneo la Sumberjaya. Serikali ya kikoloni ilishachora mipaka ya misitu huko, na serikali huru ikairithi ile ramani na kuipanua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya rais wa kwanza, Sukarno, yenyewe ilileta pale wapiganaji wastaafu kutoka Java Magharibi wakae walime. Halafu katika miaka ya 1990, chini ya rais Suharto, wakulima wa maeneo yale waliambiwa wako ndani ya msitu wa hifadhi ya maji. Wakafukuzwa. Mibuni ikang'olewa, nyumba zikabomolewa, na katika operesheni zile wanajeshi walitumia hata tembo. Suharto alipoanguka Mei 1998, watu walirudi wakapanda upya. Baadaye ukaja mpango wa misitu ya jamii: kikundi cha wakulima kinapewa kibali cha miaka 35, kwa sharti la kuutunza msitu uliobaki na kuchanganya mibuni na miti mirefu. Kibali si umiliki. Ardhi ile huwezi kuiuza.

Kwa karatasi, huwezi. Kijijini mambo yana namna yake. Watu wanapouziana shamba lililo ndani ya mpaka wa msitu, wanaandikiana risiti na kuibandika stempu ya serikali. Ukiisoma, haisemi kwamba fulani ameuza ardhi. Inasema amepokea fidia ya mimea iliyopandwa. Kilichouzwa ni mibuni na jasho, ardhi inatokea tu kuwa chini yake! Muuzaji, mnunuzi na mwenyekiti wa kijiji aliyeshuhudia wote wanajua. Mwanasheria anaweza kucheka, lakini risiti ile inaheshimiwa kuliko hati nyingi nilizoziona.

Nije kwenye mavuno, maana wanaushirika mmekaa kimya mno. Kahawa ya milima ile huiva zaidi katikati ya mwaka, kati ya mwezi wa tano na wa nane. Familia zenye mashamba ya mbali huhamia vibandani shambani. Maofisa wa kilimo wamehubiri miaka mingi kwamba buni ichumwe nyekundu tu. Wakulima wanachuma wanachokiita petik pelangi, uchumaji wa upinde wa mvua: nyekundu, njano na kijani zote zinakwenda kapuni pamoja. Tusiseme ni ujinga. Mbuni ulioiva vizuri kwenye shamba la mbali ni mwaliko kwa mwizi, na anayengoja wiki tatu ili buni zote ziwe nyekundu anaweza kukuta matawi matupu. Na deni halingoji. Mfanyabiashara wa kijiji, toke, alishatoa mchele, mbolea na ada ya shule tangu mwezi wa pili, naye analipwa kwa kahawa. Wapo wanaouza mazao yakiwa bado mtini, na huko huitwa ijon. Ninyi mnaiita butura, sina haja ya kuwaeleza. Buni huanikwa kwenye turubai uani, au pembezoni mwa barabara ambako pikipiki zinazikwepa, zinakauka kwa siku kadhaa, kisha mashine ya kukoboa inazunguka nyumba kwa nyumba.

Bei nayo ina vituko vyake. Mwaka 1998 rupia ilipoporomoka, mijini watu walilia, milimani watu walinunua pikipiki, kwa sababu kahawa inauzwa kwa dola. Miaka michache baadaye bei ikaanguka vibaya. Septemba 2024 robusta ilikuwa juu ya dola 5,000 kwa tani katika soko la London. Kila bei inapopanda namna hiyo, panga linapanda mlima.

Nimalizie na karatasi mpya. Tangu 2017 serikali ya Indonesia imeendesha kwa kasi upimaji wa ardhi vijijini na utoaji wa hati. Sheria ya Ardhi ya 1960, kifungu cha 5, inasema sheria ya ardhi ya taifa ni ile ya kimila, maadamu haigongani na maslahi ya taifa. Vizuri. Lakini fomu ya hati ina mstari wa jina la mwenye ardhi. Kwa shamba la mpunga la Semende uandike nini? Ukiliandika jina la binti, benki itamwona mmiliki kamili, na siku akibanwa na ada ya mtoto ataliweka rehani bila mjomba kujua. Usipoandika chochote, siku barabara au mgodi wa makaa ya mawe ukilihitaji bonde lile, familia itasimama na desturi mkononi mbele ya mtu mwenye ramani. Muara Enim ni nchi ya makaa ya mawe, hili si jambo la kubuni.

Ningekuwa wakili wao, ningeandika majina ya ndugu wote waliozaliwa nyumba moja, ili asiwepo mmoja wa kuuza bila saini za wenzake. Usumbufu wa kuwatafuta ndugu Lampung na Bengkulu kila inapotakiwa saini ndio hasa ninaoutaka. Najua kasoro yake: watoto wa hao ndugu nao watadai mafungu, na baada ya vizazi viwili hati ile itakuwa na majina arobaini. Mabinti wenyewe nao wanabadilika. Wapo waliosoma jijini Palembang wasiotaka kurudi kukoka moto wa Idi kwa ajili ya watu hamsini, na dada wa pili anaombwa ashike nafasi. Akikubali, na jina la hati ni la dada mkubwa aliye mjini, shamba ni la nani?

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na mzee pale dirishani.