Mti Uachwe Uyumbe

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari zenu. Nimeombwa nizungumze juu ya upepo na miti michanga. Ninyi wa Kisongo upepo mnaujua, na mabati yenu yanaujua zaidi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipohamia huku nilipanda miparachichi 6 ya kubebesha, yaani kikonyo cha mti mmoja kimeunganishwa kwenye shina la mwingine, kila mmoja nikaufunga kwa kamba ya manila kwenye nguzo ndefu: chini, katikati na juu. Hata jani halikucheza. Baada ya miezi 18 nikafungua kamba huku nikijisifu. Mitatu ikainama palepale, kichwa kikagusa ardhi. Nilipopima mashina, unene wa chini na wa juu ulikuwa mmoja, kama bomba la maji.

Mti hupata nguvu kwa kuyumba. Unaposukwasukwa, shina hunenepa chini na mizizi hujitanua kuutafutia mshiko. Ukiubana, unakua kwa urefu tu. Mwaka 1803 Mwingereza Thomas Andrew Knight alieleza jinsi alivyoibana miche ya mitufaa ili iweze kuyumba kaskazini na kusini peke yake. Shina likanenepa kuelekea huko: unene wa kaskazini-kusini ukiwa 13, wa mashariki-magharibi ulikuwa 11. Mti ulijijenga pale uliposumbuliwa.

Sasa mtauliza, nguzo ya nini basi? Ni ya mizizi. Mche uliotoka kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea, una bonge dogo la udongo. Upepo ukilitikisa, vijizizi vipya vinakatika kila siku. Kwa hiyo nguzo iwe fupi. Mche wa mita 1.5 ufungwe kama sentimita 50 kutoka chini, lakini si pale ulipobebeshwa. Juu uache ucheze.

Simamisha nguzo kabla hujarudishia udongo, uone mizizi ilipo usije ukaitoboa. Ikae upande upepo unakotoka, mti usukumwe mbali nayo, usigongane nayo. Hujui unatoka wapi? Tazama migunga ya zamani ilivyolala. Palipo na upepo mkali sana weka nguzo 2, moja kila upande, nje ya bonge.

Kufungia, nendeni kwa fundi baiskeli mkaombe tyubu iliyotoboka. Ikate utepe, uuzungushe kama tarakimu 8, pale katikati ukae kati ya shina na nguzo. Manila inakula gome, na waya sitaki hata kuutaja. Kila mwezi legeza kidogo, maana shina linanenepa.

Baada ya mwaka mmoja fungua, ushike shina, ulitikise. Udongo wa chini ukifunguka kama mdomo, funga tena, ungoje msimu mwingine. Usipofunguka, ng'oa nguzo.

Halafu mche wa kufika gotini hauhitaji nguzo kabisa. Watu wanapenda kununua mche mrefu ili waonekane wamepanda, lakini mara nyingi mizizi yake imeshajizungusha ndani ya kiriba, na huo hakuna nguzo itakayouokoa.

Mama pale nyuma ananiuliza kama akate nguzo ya mlonge, anao mwingi. Mama, usiuchomeke mbichi. Jirani yangu alifanya hivyo. Mlonge ukachipua, ukanywa maji yote, na leo mparachichi uliokauka ndio umeuegemea ule mlonge.