Picha ipi umpe mchoraji amchore mbwa au paka wako

Habari zenu, karibuni. Leo tunachagua picha za kumpa mchoraji unapoagiza mchoro wa mbwa au paka wako. Picha unayoipenda na picha inayochoreka mara nyingi ni mbili tofauti. Mchoraji hamjui Simba wako, hajawahi hata kumshika kichwa. Kisichoonekana pichani atakibuni, na ndivyo mtu anavyoletewa mchoro mzuri wa mbwa wa watu.

Fungua simu, tuanze na macho. Kuza picha mpaka jicho lijae kwenye kioo. Unaiona mboni, rangi inayoizunguka, na ile nukta nyeupe ya mwanga? Iweke kando hiyo. Ukiona weusi mtupu au ukungu, achana nayo, hata kama amekaa vizuri namna gani. Za usiku zenye flashi nazo ziache: nyuma ya jicho la mbwa na paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho huwaka kijani au njano na rangi yake halisi ikapotea.

Huna yenye macho mazuri? Piga mpya. Hapa Dar saa sita mchana jua liko utosini, macho yanazama kwenye kivuli cha paji la uso. Subiri jioni kuanzia saa kumi na nusu, au uamke naye asubuhi. Mkalishe barazani aelekee nje kwenye mwanga. Chini ya mwembe hapafai, kwa sababu majani yanapitisha madoa ya jua, na mchoraji atashindwa kujua lipi ni doa la jua na lipi ni la manyoya.

Sasa chuchumaa, au lala kifudifudi kabisa, kamera iwe usawa wa macho yake. Tazama hizi mbili. Hii nimepiga nikiwa nimesimama: kichwa kikubwa, miguu imepotelea chini. Hii nimechuchumaa: kifua kipo, miguu ipo, shingo inaonekana. Simu usimsogezee puani, pua itavimba na masikio yatarudi nyuma. Ondoka hatua mbili tatu, kisha kuza kidogo. Mwenzako asimame nyuma yako atikise kopo la dagaa. Masikio yatasimama papo hapo, ila kwa muda mfupi sana, kwa hiyo kidole kiwe tayari.

Mbwa mweusi mbele ya ukuta mweupe hugeuka doa jeusi. Gusa kioo pale usoni pake, ongeza mwanga mpaka manyoya yaanze kuonekana. Paka mweupe, punguza.

Kisha chagua moja iwe picha kuu, ndiyo ya mkao. Ongeza chache za kusaidia: ubavu, mkia, na moja yenye rangi yake ya kweli. Usiombe kichwa cha picha hii kiwekwe kwenye mwili wa ile kama mwanga umetoka pande tofauti. Mchoro utakataa tu.

Na kama ameshakufa, pole sana. Usifute hata picha mbovu. Waulize ndugu na majirani, huenda alipita kwenye picha zao za sherehe. Ya karatasi ilaze karibu na dirisha mchana, uipige bila flashi.

Kutuma: isiwe skrinishoti, isiwe na filta. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, manyoya yanakuwa uji. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua dokumenti, ndipo uchague picha. Halafu andika ambayo kamera haikuyashika: sikio la kushoto limechanika, kola nyekundu ibaki au itoke, kovu la puani libaki au lisiwepo. Kovu mimi ningeliacha, ni lake. Mchoraji akiomba picha nyingine, mpe kabla hajashika penseli.