Gamba Pekee Halitoshi: Kuainisha Konokono wa Jenasi Conus katika Visiwa vya Cabo Verde

Wanafunzi wa sayansi ya bahari, walimu wenu, na ninyi wakusanyaji mliokuja na masanduku yenu ya magamba, karibuni.

Leo tunazungumzia Cabo Verde, visiwa kumi vya volkano vilivyo katika Atlantiki, yapata kilomita 570 magharibi mwa Senegali. Nimevichagua kwa sababu hakuna mahali pazuri kama hapo pa kujifunzia jinsi kazi ya kuainisha konokono wa baharini inavyofanyika, na jinsi inavyoharibika. Duniani kuna zaidi ya spishi 800 za Conus, wale konokono wenye gamba la umbo la koni na sumu ya kuwindia. Kwa Cabo Verde peke yake yamechapishwa majina yanayokaribia mia, tena ya wanyama wasiopatikana popote pengine. Jioni hii tunataka kujua ni mangapi kati ya majina hayo yana mnyama wa kweli nyuma yake, na tunajuaje.

Tuanze na sababu ya wingi huo. Mwambao wetu wa Afrika Mashariki una Conus ebraeus, mwenye madoa meusi ya mraba juu ya weupe. Huyo huyo anapatikana mpaka mashariki ya Pasifiki. Mabuu wake huelea na kula majini kwa muda mrefu, wakachukuliwa na mikondo, na hivyo ukoo mmoja ukaenea bahari mbili. Wa Cabo Verde, walio wengi, hawafanyi hivyo. Kiinitete hukulia ndani ya kifuko cha mayai kilichobandikwa chini ya jiwe, akila kiini alichowekewa na mama yake, na siku ya kutoka anatoka tayari ni konokono mdogo anayetambaa. Mahali alipozaliwa ndipo atakapoishi. Ufuko mrefu wa mchanga unaotenga ghuba mbili za mawe ni ukuta kwake. Ongeza na kupanda na kushuka kwa bahari: katika kilele cha enzi ya barafu iliyopita, miaka kama 20,000 nyuma, maji yalikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko leo. Kila bahari iliposhuka ghuba zilikauka na wanyama wakasogea na kukutana. Ilipopanda wakatengana tena. Hilo limejirudia mara nyingi mno, hasa kwenye visiwa vya Sal, Boa Vista na Maio vyenye maji mafupi kuvizunguka.

Matokeo yake ni kwamba karibu kila ghuba ina sura yake. Hapa magamba ni ya kahawia yenye madoa, kule ni meusi, ng'ambo yana mstari mweupe katikati. Mtu akiona rangi mpya katika ghuba mpya, mkono unamwasha kuandika jina jipya. Wengi wameandika.

Mwaka 2017 kundi la watafiti likiongozwa na Samuel Abalde na Rafael Zardoya lilichapisha mti wa ukoo wa konokono hawa, uliojengwa kwa jenomu za mitokondria, yaani DNA nzima ya vile vijiumbo vya nishati ndani ya seli. Walipoweka kipimo cha tofauti ya DNA, idadi ya spishi halali za kundi dogo la Africonus walizozichunguza ilishuka hadi nusu. Nusu nzima! Magamba yaliyotofautiana kwa rangi yalikuwa ya ukoo mmoja, na mengine yaliyofanana kama pacha yalikuwa ya matawi ya mbali. Rangi na michoro ya gamba hujizukia upya katika koo mbalimbali bila undugu.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo ni baya vilevile. Mwaka 2009 Thomas Duda, Alan Kohn na mwenzao walionyesha kuwa ndani ya Conus ebraeus mlikuwa mmejificha spishi nyingine, Conus judaeus. Magamba hayatofautishiki kwa jicho. Meno yanatofautiana waziwazi, na DNA pia. Kwa hiyo gamba linaweza kukuzidishia spishi na linaweza kukupunguzia.

Sasa kazi yenyewe. Nitakaa zaidi pale ambapo kazi huharibika.

Hatua ya kwanza ni lebo, na kwa Cabo Verde lebo ina uzito kuliko gamba. Kuandika "Boa Vista" hakutoshi. Andika ghuba, upande wa ghuba, namba za GPS, kina kwa mita, aina ya sakafu (chini ya jiwe, kwenye mchanga mwembamba juu ya mwamba, kati ya mwani), tarehe na jina la aliyekusanya. Tumia penseli au wino usioyeyuka kwenye ethanoli, juu ya karatasi ya pamba, na lebo iingie ndani ya chupa pamoja na mnyama. Lebo iliyobandikwa nje hung'oka, na kalamu ya kawaida hufutika usiku mmoja. Usichanganye ghuba mbili katika mfuko mmoja hata kwa nusu saa. Kibali cha serikali kiwepo kabla ya mguu kugusa maji. Itifaki ya Nagoya, inayohusu rasilimali za kijenetiki, inatumika tangu 2014.

Na tahadhari: wengi wa Cabo Verde hula minyoo, lakini Conus ermineus, anayepatikana huko pia, huwinda samaki. Huku kwetu tuna Conus geographus, ambaye ameua watu, na sumu yake haina dawa ya kuitangua. Kamata kwa koleo, weka kwenye chombo kigumu chenye kifuniko. Mfukoni, kamwe. Kumshika upande mpana hakukuokoi, maana mrija wa mdomo unajipinda na kufika nyuma.

Hatua ya pili ni kumlegeza na kumhifadhi. Yeyusha gramu 75 za magnesi kloridi yenye maji ya fuwele katika lita moja ya maji yasiyo na chumvi, changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari, umwache humo mpaka asijikunje ukimgusa. Ukimtumbukiza kwenye ethanoli akiwa hai na macho, anajivuta ndani kabisa, maji ya mwilini yanabaki yamefungiwa kwenye misokoto ya juu, ethanoli haifiki, na DNA inaoza huku chupa ikionekana salama. Akishalegea, mvute kwa ndoano taratibu ukifuata mzunguko wa gamba. Asipotoka, toboa tundu dogo kwenye msokoto wa mwisho, upande wa mgongo, mbali na mdomo wa gamba. Tumia ethanoli ya asilimia 95 au 96, ujazo wake uwe angalau mara tatu ya mnyama, na uibadilishe baada ya saa 24 kwa sababu ile ya kwanza imeshapungua nguvu. Fomalini isitumike, inaikatakata na kuifunga DNA.

Hatua ya tatu ni vipimo. Kwa kalipa pima manne: urefu wote wa gamba, kipenyo kikubwa, urefu wa mdomo wa gamba, na kimo cha mahali penye kipenyo kikubwa ukianzia chini. Kisha tafuta uwiano. Chukua gamba la milimita 24.0, lenye mdomo wa 20.4, kipenyo 14.0 na kimo cha kipenyo 17.0. Upana wa uwiano ni 14.0 kwa 20.4, yaani 0.69. Nafasi ya kipenyo ni 17.0 kwa 20.4, yaani 0.83. Kimo cha kilele ni 24.0 toa 20.4, gawanya kwa 24.0, unapata 0.15. Gamba moja halikwambii kitu. Pima ishirini hadi thelathini kwa kila ghuba, ya watu wazima tu, na ulinganishe yenye urefu unaokaribiana, kwa kuwa uwiano hubadilika konokono anavyokua. Ukilinganisha wachanga wa ghuba moja na wazee wa nyingine utapata tofauti safi kabisa ya kitakwimu, na haitakuwa na maana yoyote.

Magamba ya kununua yana hatari yake. Wapo wauzaji wanaosugua ukingo wa mdomo kwa tupa ili kuficha ulipovunjika, na hapo kipenyo kimeshapotea. Angalia ukingo kwa kioo cha kukuza: wa asili ni mwembamba na una mistari ya ukuaji inayoishia sawia nao, uliosuguliwa umelala bapa na umeikata mistari hiyo.

Hatua ya nne ni gamba la utotoni, ile ncha ndogo kileleni aliyozaliwa nayo. Chini ya hadubini hesabu mizunguko yake. Takriban mmoja na nusu, mpana na mviringo, ni dalili ya mnyama aliyetoka kwenye kifuko akitambaa. Mizunguko mitatu au zaidi, myembamba, ni ya buu aliyeelea. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kinafaa hata kwa gamba tupu, lakini sharti ncha iwe nzima. Wengi wazee imeshalika, basi tafuta wachanga wa mahali hapohapo.

Ya tano ni meno, na hapa naomba subira, maana ndipo wengi wanaporuka. Jino la Conus ni mrija uliokunjwa wenye ncha ya chusa. Kwa wadogo wa Cabo Verde mara nyingi halifiki milimita moja. Pasua mwili nyuma ya mrija wa mdomo, utafute kifuko cha radula, yaani cha meno, chenye mikono miwili. Mkono mrefu una meno yanayoendelea kuundwa, mfupi una yaliyo tayari. Pima ya mkono mfupi tu. Loweka kifuko katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 usiku kucha, suuza kwa maji safi mara mbili tatu, lisogeze jino kwa ncha ya unywele hadi kwenye kioo, kisha lipige picha yenye kipimo. Andika urefu wa jino ukilinganisha na urefu wa gamba, urefu wa sehemu ya mbele ukilinganisha na ya nyuma, urefu wa ubapa wenye makali, na idadi ya vijino vya msumeno. Dawa ya kupaushia nguo hufanya kazi kwa dakika chache, ila ukichelewa hula hata jino. Wachanga wasitumike, kwa sababu jino linaweza kubadilika umbo pamoja na chakula.

DNA ni ya sita. Kata miligramu 25 za nyama ya mguu, usiguse utumbo, la sivyo utasoma DNA ya mnyoo aliyeliwa. Ute wa konokono una sukari ndefu zinazozuia kimeng'enya kunakili. Dawa ya CTAB huziondoa. Wengi huanza na kipande cha COI, jeni la mitokondria, chenye herufi 658, kinachotosha kupanga makundi. Lakini mitokondria hurithiwa kwa mama tu, na spishi changa huweza kushiriki namna ileile ya COI kabla hazijaachana sawasawa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaochukua kiwango kimoja cha tofauti na kukifanya hakimu wa kila kesi. Jeni za kiini cha seli, jino na ghuba vikisema jambo moja, hapo pana spishi. Vikigongana, andika aff., yaani "anakaribiana na" spishi fulani, na usubiri.

Sasa jina. Kabla ya kubuni jipya, tafuta holotaipu, yaani sampuli zile hasa zilizopewa majina, za majina yote ya kisiwa kile. Sampuli nyingi za Reeve, mtaalamu wa magamba wa karne ya 19, ziko London, na mkusanyiko wa Hwass, mkusanyaji wa karne ya 18, uko Geneva. Maelezo mengi ya karne ya 18 na 19 hayataji hata kisiwa, na ndiyo maana majina ya zamani hubishaniwa zaidi. Kuhusu jenasi, Tucker na Tenorio waliigawa familia hii mwaka 2009 katika jenasi nyingi. Puillandre na wenzake wakairudisha kwenye chache sana muda mfupi baadaye. Kwa hiyo mtakuta Conus cuneolus Reeve, 1843 na Africonus cuneolus (Reeve, 1843). Mnyama ni yuleyule. Mabano yanaonyesha kuwa mwandishi alimweka kwanza katika jenasi nyingine. Chagueni mfumo mmoja, muutaje, muufuate hadi mwisho wa andiko.

Hili si suala la makaratasi. Conus mordeirae wa ghuba ya Mordeira kisiwani Sal, Conus salreiensis wa Boa Vista na Conus lugubris wa São Vicente waliorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, kuwa hatarini kabisa kutoweka. Makazi yao ni kipande cha pwani ambacho bandari moja au hoteli moja inaweza kukifunika. Jina la uongo huvuta ulinzi mahali pasipostahili. Jina lililofutwa kwa haraka huiacha ghuba bila mtetezi.

Mwisho ni kabati. Msiweke magamba kwenye kabati la mbao, hasa mwaloni, wala kwenye masanduku ya kadibodi mbovu. Mvuke wa asidi kutoka kwenye mbao hushambulia kalsiamu kaboneti na kuota unga mweupe wenye harufu ya siki; Loftus Byne aliueleza mwaka 1899 akidhani ni bakteria. Gamba lililoanza kuota, lisuuze kwa maji safi, lilowekwe, likaushwe kabisa, litengwe na mengine. Tumieni kabati za chuma na unyevu uwe chini. Na yale magamba mliyoleta jioni hii yasiyo na ghuba yoyote iliyoandikwa, msiyabunie mahali kwa kufananisha na picha. Andikeni kwenye lebo "Cabo Verde, ghuba haijulikani", pamoja na mlikoyapata na mwaka, kisha yawekeni droo ya peke yake. Yatawafaa kufanyia mazoezi ya kupima.