Tarehe Kwanza, Bei Baadaye: Bima kwa Mvuvi wa Msimu

(Mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma, mbele ya wavuvi wa dagaa na familia zao)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mnaoanika dagaa, vijana wa Katonga na Kibirizi, nawasalimu. Nashukuru mmeniita siku ambazo mwezi umejaa, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na ingekuwa giza, yaani siku hizo zisizo na mwezi, viti hivi vingi vingekuwa vitupu, na niliowafuata mngekuwa ziwani.

Nitaanza na karatasi moja. Ni ya mtoto wa dada yangu, na amenipa ruhusa niisimulie.

Mnaukumbuka mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, sisi pamoja na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia. Kijana huyu alikuwa na mgawo wake wa mapato ya giza la mwisho kabla ya kufungwa. Wakala wa bima akapita mwaloni, pale vyombo vinapotia nanga, akamweleza habari za ajali, kijana akaona ni jambo la maana, akalipa. Alifanya vizuri kulipa, na sitaki mtu yeyote amcheke. Ziwa lilipofunguliwa, wakasubiri mbalamwezi ipungue, wakaingia. Usiku wa tarehe 29 Agosti, wakivuta wavu, kamba ikamzunguka mkono wa kulia. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikakatika.

Baada ya wiki mbili akaja kwangu. "Mjomba," akasema, "mimi nina bima." Akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, inanukia dagaa. Tukaifungua juu ya mkeka. Nikatafuta tarehe. Kuanza: 25 Mei. Kuisha: 24 Agosti.

Alikatiwa bima ya miezi mitatu, na miezi mitatu yenyewe ni ile aliyokuwa amekaa nchi kavu akishona nyavu. Hatari iliporudi, bima ilikuwa imeshaondoka siku tano nyuma.

Siku ile nilikasirika, na hasira haijaisha. Wakala alijua ziwa limefungwa. Kila mtu Kigoma alijua. Mtu anayeuza bima mwaloni na hajui kalenda ya giza na mbalamwezi hajajua anachouza. Ndiyo maana leo nawaambia jambo moja, mengine yote yanaligeukia hilo: ninyi watu wa msimu, msianze na bei. Anzeni na tarehe. Bima ianze lini, iishe lini, na siku zile za katikati ninyi mnakuwa wapi?

Karatasi ile ilikuwa na kasoro nyingine, na hii nusura niikose. Kwenye nafasi ya kazi palijazwa "mfanyabiashara". Kijana hakuandika yeye, wakala ndiye aliyejaza, pengine kwa sababu mvuvi hutozwa zaidi. Lakini sahihi ni ya kijana. Hata ajali ingetokea tarehe 20, kampuni ingekuwa na pa kushikia: ulisema wewe ni mfanyabiashara, ulikuwa unavuta wavu usiku wa manane kwa sababu gani? Katika bima, ukweli wa mkatiwa ndio msingi wa mkataba. Andika MVUVI. Andika unavua usiku. Ikiongezeka bei, iongezeke mbele ya macho yako sasa, kuliko kuja kuambiwa ukiwa na bandeji.

Tabu hii haiko Kigoma peke yake. Niliposomea bima, mfano uliotufundisha zaidi ulikuwa wa vibarua wa milima ya theluji kule Ulaya. Wapo vijana wanaopanda Desemba kwenda kuhudumu katika hoteli za watu wanaoteleza juu ya theluji. Wengine wanaosha vyombo, wengine wanaendesha mitambo ya kupandishia wageni, wengine wanafundisha. Theluji ikiyeyuka, kazi imekwisha. Mnaiona picha? Sisi tunasubiri mwezi ufe, wao wanasubiri theluji ianguke.

Uswisi wana sheria ya bima ya ajali inayotumika tangu 1984. Mwajiri lazima amkatie mfanyakazi bima ya ajali za kazini. Mfanyakazi akifikisha saa 8 kwa wiki kwa mwajiri mmoja, analindwa pia na ajali za nje ya kazi. Hili ni kubwa, kwa sababu mwosha vyombo siku yake ya mapumziko naye anakwenda kuteleza, na huko ndiko anakovunjika mguu. Halafu sikilizeni hili: mshahara ukikoma, bima haikomi siku hiyohiyo. Inaendelea siku 31. Na kabla siku hizo hazijaisha, mtu anaweza kulipia mwenyewe ikasogea hadi miezi 6. Waliotunga sheria walijua kwamba kati ya msimu na msimu kuna shimo, wakaweka daraja.

Kwa yule anayetoka nchi nyingine kwenda huko mambo ni mazito zaidi. Bima nyingi za safari hazimlipi mtu aliyeumia akiwa kazini, na nyingine hazilipi aliyeteleza nje ya njia zilizowekwa alama. Waingereza wana kadi ya afya ya kutibiwa Ulaya, lakini kadi hiyo hailipi gharama za kumshusha majeruhi mlimani. Mtu ana kadi mfukoni na bado yuko juu ya mlima. Nikisoma hayo nawafikiria ninyi mlio katikati ya ziwa saa nane usiku. Nani anayelipa petroli ya boti ya kuwafuata? Swali hilo muulizeni anayewauzia bima, kwa maneno hayohayo.

Sasa turudi mwaloni, kwenye jambo zito zaidi, nalo ni tajiri wa chombo, yaani mwenye boti na nyavu.

Tunayo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF. Mwajiri ndiye anayechangia, si mfanyakazi. Mfanyakazi akiumia kazini anapata matibabu, analipwa sehemu ya kipato wakati hawezi kufanya kazi, na akifariki wategemezi wake wanalipwa. Mchango ni nusu asilimia ya mshahara. Kwa mtu wa shilingi 200,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,000. Elfu moja, ndugu zangu. Taa moja ya sola ya kuvutia dagaa inagharimu zaidi ya hapo mara nyingi.

Tajiri atasema, na nimemsikia kwa masikio yangu: "Hawa si waajiriwa wangu, tunagawana." Mgawo ni utaratibu wa zamani na mimi siupingi. Lakini kuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Inasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya haya: kazi yake inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, amemfanyia huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea kwa kipato, vifaa anapewa naye. Yapo na mengine. Haya, chombo ni cha nani? Wavu ni wa nani? Nani anasema leo tunaingia, leo hatuingii? Hesabuni usiku wa giza moja, mtaona saa 45 zinapita mapema.

Tajiri anaweza kubisha, na ana haki ya kubisha. Ndiyo maana nawaomba kila kundi liwe na daftari. Tarehe ya kuingia, jina la chombo, waliokuwemo, mgawo wa kila mmoja. Dada yangu ndiye anayemwandikia mwanawe siku hizi, kwa sababu kalamu haikai vizuri katika vidole vilivyobaki. Daftari hilo ndilo litakalosema siku ambapo mtu hawezi kusema.

Matajiri mliomo humu, sikuja kuwashitaki. Naleta ombi. Kabla ya mgawo mnatoa petroli, mnatoa chakula, mnatoa matengenezo ya mashine. Toeni na bima hapohapo, kila giza kidogo kidogo, mkubaliane na kampuni ilipwe hivyo na kundi zima lilindwe mwaka mzima, hata mwezi ukijaa, hata ziwa likifungwa. Wengine wenu mmekatia bima mashine na chombo. Bima hiyo inalipa mbao na chuma. Wanaovuta wavu haiwataji.

Bima ya afya nitaipitia upesi. Wengi mlijiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na tangu 2023 tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni jambo jema, jiungeni. Lakini bima ya afya inamlipa daktari. Haimlipi mke wako unga kwa miezi minne ambayo mkono wako umefungwa. Kazi hiyo ni ya bima ya ajali na ya fidia.

Wakala akija, omba kuona leseni yake ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Kampuni ikikataa kulipa na unaona umeonewa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na sheria. Usichane karatasi kwa hasira. Mtoto wa dada yangu alitaka kuichoma yake, nikamzuia.

Niliwaomba mje na hati zenu, na naona mifuko ya nailoni mingi mikononi. Leteni hapa mezani. Nitazisoma moja moja mpaka adhuhuri, na kila moja tutaanza na tarehe.