Nani ana habari mbaya leo?

Jamani habari za asubuhi, wa Iringa na Njombe kamwene, wenyeji wa hapa Mbeya ndaga fijo kwa kunialika na kwa hii chai ya tangawizi maana baridi ya leo si ya mchezo. Nimeambiwa niongee kuhusu umeneja mradi na kuongoza timu. Mambo ya chati na programu za kompyuta nitayapita haraka, hayo unajifunza wiki mbili tatu umemaliza, na ukitaka cheti cha umeneja mradi cha PMP kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani soma ufanye mtihani, kizuri sana wala sikibezi, ila mimi kilichonitoa jasho kazini hakikuwa chati. Kilikuwa bomba.

Nilikuwa nasimamia mradi wa maji ya mserereko kijiji kimoja huko milimani Rungwe, maji yanatoka chanzo juu yanashuka yenyewe hadi vituo vya kuchotea, hakuna pampu wala umeme. Nilikuwa kijana, nina kofia ngumu nyeupe na sauti kubwa. Asubuhi moja fundi bomba wetu, mtu mzima kabisa, akaanza kuniuliza kitu mbele za watu nami nina haraka zangu, nikamkata, nikamwambia mzee wewe unganisha, mahesabu niachie mimi. Akasema sawa injinia. Akaunganisha.

Siku ya kufungulia maji bomba likapasuka kule bondeni. Tukaziba, likapasuka tena hatua chache mbele, akina mama wameshakuja na ndoo zao wanatuangalia tu. Yule mzee akanivuta pembeni, akachuchumaa, akafuta tope kwenye bomba kwa kidole gumba taratibu mpaka maandishi yakatokea: PN6. Akasema hapa ilitakiwa PN10, nililiona tangu linashushwa kwenye gari.

Kwa wasiojua, PN6 linahimili presha ya maji yaliyoshuka kama mita 60 hivi, na sisi kutoka tenki hadi bondeni tulikuwa na mita 80 na kitu, kwa hiyo ukifunga koki zote za chini maji yakasimama, presha yote inakaa pale. Dawa ni kuweka bomba lenye ukuta mnene zaidi au kujenga tenki la kukata presha katikati. Sisi tulifukua kipande chote cha bondeni. Nikamuuliza mzee mbona hukuniambia? Akanyamaza kidogo, akasema, "Si ulisema mahesabu ni yako?"

Hilo jibu ninalo mpaka leo.

Tunafundishwa mradi una kamba tatu, kazi yenyewe, muda na fedha, ukivuta moja zingine zinakaza. Sawa. Ila anayeona kamba imekaza si meneja, ni saidia fundi, mtu wa stoo, dereva wa fuso, na kama wanakuogopa basi utajua siku moja na mfadhili, tena wewe ukiwa wa mwisho.

Mradi huohuo niliweka ratiba wananchi wachimbe mtaro Desemba. Desemba, huku kwetu! Mvua zimeshaanza, kila mtu yuko shambani na mahindi yake, nani atakuja kukuchimbia mtaro? Mtendaji alijua, watoto wa shule walijua, mimi nilikuwa na chati nzuri ya rangi. Na mtaro ndio ulikuwa kwenye njia kuu ya mradi, yaani ule mfululizo wa kazi ambao moja ikichelewa siku kumi mradi wote unachelewa siku kumi. Mnaopanda TAZARA mnakijua kile kipande cha Mlimba hadi Makambako, mahandaki na madaraja mfululizo, kwenye reli yote ya kilomita 1,860 huwezi kukipangia kama unavyopanga tambarare. Kila mradi una Makambako yake, na wanaoijua ni wenyeji.

Kingine kwa haraka, timu mpya lazima igombane. Bruce Tuckman, msomi wa saikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1965 kwamba kundi linakutana, linavurugana, linazoeana, ndipo linafanya kazi. Kwa hiyo wiki ya pili fundi seremala na fundi mwashi wakirushiana maneno usikimbilie kufukuza mtu. Ila ugomvi wa pesa ya vibarua huo usiusubirishe, lipa.

Siku hizi kila Jumatatu saiti naanza kikao kwa kuuliza nani ana habari mbaya leo. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya, mtu mmoja akakohoa tu. Ya tatu binti wa stoo akanyoosha mkono, anatetemeka, akasema turubai lilichanika usiku na simenti mifuko kumi na miwili imelowa. Moyoni nilichemka jamani nisiwadanganye. Nikasema asante dada, umeniwahi, twende tukaangalie. Tukaenda wote, mifuko mitatu ilikuwa bado inafaa. Kabla hatujatoka stoo dereva akanigusa bega, "Bosi, na mimi nina yangu kuhusu ile gari."

Haya maswali, tuanze na dada wa kule nyuma, mkono umekuwa juu muda mrefu.