Gari isiyo na dereva na mtu anayevuka barabara

Assalamu alaikum. Walimu wangu, na nyinyi vijana mliotoka Wete na Mkoani kuja hapa Chake Chake, ahsanteni sana.

Gari zinazojiendesha zipo tayari. Kampuni ya Waymo, iliyoanza kama mradi wa Google mwaka 2009, tangu 2020 inachukua abiria wa kawaida katika eneo la Phoenix, Arizona, huko Marekani, bila ya mtu kwenye usukani. Kwa nini basi hazijaenea? Wengi hutaja bei. Kweli, vifaa vya kupima masafa kwa miale ya leza ni ghali, lakini vifaa hushuka bei. Kikwazo kizito, kwa maoni yangu, ni mtu anayekwenda kwa miguu.

Machi 2018, huko Tempe, jimbo hilo hilo la Arizona, mwanamke alikuwa akivuka barabara usiku, anasukuma baskeli. Gari ya majaribio ya kujiendesha, ya kampuni ya usafiri ya Uber, ikamgonga, akafariki. Wachunguzi walikuta kwamba mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla. Sekunde tano na ushei, jamani! Lakini mara ilimhesabu kuwa gari, mara kitu kisichojulikana, mara baskeli, na kila ilipobadili mawazo ilianza upya kukisia anaelekea wapi. Programu haikuwekewa kabisa kwamba mtu anaweza kuvuka pasipo kivuko.

Sasa tazameni barabara zetu watoto wanapotoka skuli au chuoni. Nani anangoja kivuko? Gari ya ng'ombe iko mbele, bodaboda inapenya kushoto, na dereva wa daladala anampungia mkono bibi mwenye ndoo ya samaki: pita. Bibi anamtazama usoni, anapita. Mazungumzo hayo hayana alama barabarani, na mashine iliyofunzwa kwa barabara za Arizona haijawahi kuyaona.

Halafu kuna dhamana, yaani nani wa kujibu ajali ikitokea. Katika kesi ya Tempe, aliyeshitakiwa ni mfanyakazi aliyewekwa garini kuangalia, ambaye alikuwa akitazama simu. Kampuni haikushitakiwa kwa jinai, ingawa ndiyo iliyozima breki za dharura zilizokuja na gari. Hilo linaniuma. Na pale kitini pasipokuwa na mtu kabisa, familia ya marehemu imwendee nani?

Nyinyi mnaosomea sheria, kazi hiyo ni yenu. Kabla gari ya namna hii haijashushwa bandarini Mkoani, nataka sheria yetu iwe imeshamtaja wa kujibu mahakamani.