Wakulima wa Pennsylvania hawakuasi kwa ulevi

Asanteni kwa kufika. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, nami nitalisema tena, kwa sababu bado naulizwa: hivi wale wakulima wa Pennsylvania, Marekani, walioasi ushuru wa wiski wakachoma nyumba ya mtoza ushuru mwaka 1794, hawakuwa walevi tu waliochukia kodi? Hapana! Walikuwa watu wanaojua hesabu. Tuifanye hesabu hiyo kabla ya jambo jingine lolote.

Mkulima yuko magharibi ya milima ya Allegheny, upande wa Pittsburgh. Soko kubwa liko Philadelphia, zaidi ya kilomita 450. Kuteremsha mazao kwa mto Mississippi ni shida, maana mdomo wake umeshikwa na Wahispania. Kimebaki farasi na njia ya mlimani. Farasi mmoja hubeba nafaka kama kilo 100, yaani gunia moja, na bei ya gunia hilo haifidii safari. Lakini ukiipika nafaka ikawa wiski, ukaijaza katika vipipa viwili, kimoja kila ubavu, farasi yuleyule anavusha mavuno ya magunia sita. Basi mtu huyu afanye nini? Anapika. Na huko kwake, ambako sarafu ni adimu, wiski hiyohiyo inamlipa kibarua, inamlipa mhunzi, inamnunulia chumvi.

Machi 1791 ikapita sheria ya ushuru ya Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha. Serikali mpya ya Marekani ilikuwa imebeba madeni ambayo majimbo yaliyapata katika vita vya uhuru. Sawa, deni hulipwa. Swali langu siku zote ni moja: lilipwe na nani? Mpikaji wa shamba aliruhusiwa kulipa senti 60 kwa mwaka kwa kila galoni ya ukubwa wa mtambo wake wa kupikia wiski, au senti 9 kwa kila galoni aliyopika. Chukueni mtambo wa galoni 100. Ushuru wake ni dola 60. Tajiri anayepika mwaka mzima akatoa galoni 1,000, kila galoni imemgharimu senti 6. Mkulima anayepika wiki chache baada ya mavuno akapata galoni 300 atalipa senti 20 kwa galoni, kwa hiyo anakimbilia zile senti 9. Mdogo analipa mara moja na nusu ya mkubwa! Tena wiski ya magharibi iliuzwa karibu nusu ya bei ya mashariki. Na ushuru ulidaiwa kwa fedha taslimu, kitu ambacho mkulima hana.

Kuna atakayesema, kama Hamilton mwenyewe alivyosema, kwamba mwenye kuubeba ushuru ni mnywaji, kwani muuzaji hupandisha bei. Nimechoka na jibu hili. Anayebadilisha wiski kwa chumvi kijijini kwake anampandishia nani bei?

Mwingine atanikumbusha Robert Johnson, mtoza ushuru aliyekamatwa Septemba 1791, akakatwa nywele, akapakwa lami na kugandishwa manyoya ya ndege. Ulikuwa ukatili, na siutetei. Ila kabla yake na baada yake watu hawa waliitisha mikutano, wakaandika malalamiko, wakayapeleka serikalini. Kilichopatikana ni unafuu mdogo wa viwango.

Julai 1794 ofisa wa mahakama David Lenox alikuja kuwagawia wapikaji wasiolipa ushuru hati za wito, akiongozwa na John Neville, msimamizi wa ushuru ambaye naye alikuwa mpikaji mkubwa wa wiski. Walimkuta mmoja wao, mkulima William Miller, katikati ya mavuno. Hati ilimtaka afike mahakamani Philadelphia. Aache mavuno, avuke milima, akajitetee mbele ya watu wasiomjua! Bunge lilikwishapitisha sheria Juni ya kuruhusu kesi hizi zisikilizwe karibu na nyumbani, lakini hati zile zilikuwa zimetolewa chini ya sheria ya zamani. Siku mbili baadaye nyumba ya Neville, Bower Hill, iliteketea, na James McFarlane, mpiganaji wa vita vya uhuru aliyewaongoza wakulima, alipigwa risasi akafa.

Muda unanibana, kwa hiyo Braddock's Field, uwanja wa karibu na Pittsburgh walikokusanyika waasi wapatao 7,000 tarehe 1 Agosti, naipita. Rais George Washington alikusanya wanamgambo karibu 13,000 kutoka majimbo manne ili kuuzima uasi, akapanda farasi mwenyewe hadi mji wa Bedford, Pennsylvania. Walipofika magharibi hawakukuta jeshi la kupigana nalo. Watu wapatao 20 waliswagwa hadi Philadelphia wakati wa baridi. Wawili, John Mitchell na Philip Wigle, walipatikana na hatia ya uhaini, na Washington akawasamehe mwaka 1795.

Ushuru wenyewe uliendelea kukwepwa hadi ulipofutwa mwaka 1802, chini ya Rais Thomas Jefferson. Waziri wake wa Fedha alikuwa Albert Gallatin, mtu wa hukohuko magharibi ya Pennsylvania, aliyekuwa katibu kwenye mikutano ya wakulima na kuwasihi wasishike silaha. Gallatin anastahili mhadhara wake. Haya, maswali.